Mtu Mmoja, Kula Moja

Zaid alifika kwenye dirisha la kupakulia bila sahani, na hapo nikajua kuna shida. Hakuna mtu hufika kwenye dirisha langu bila sahani. Isitoshe, hakuwa mwanafunzi wa chuo chetu. Alikuwa kijana wa Mzee Waleed, yule mwenye duka la kaseti nyuma ya soko la Thika, na mwenzake binti yangu Idah katika ile kazi yao ya makelele. Kofia ya msikitini ilikuwa bado kichwani.

"Mama Idah," akasema, "wamemchukua."

Nilimuuliza nani amemchukua nani, maana mimi hupenda jambo lisemwe lote. Akasema polisi waliingia dukani wakati yeye ameenda kuswali adhuhuri. Walimkuta Idah akipanga kaseti zao kwenye rafu, wakazizoa zote, na Idah wakamtia nyuma ya Land Rover. Mzee Waleed alijaribu kuuliza, akaambiwa kama anataka kujua zaidi nafasi bado ipo.

"Kwa kosa gani?"

"Wanasema ni wimbo wa kura. Mtu mmoja, kura moja."

Ulikuwa mwaka wa tisini na mbili na uchaguzi ulikuwa umekaribia. Maneno hayo yalipigiwa kelele kwenye mikutano iliyoishia kwa marungu na moshi wa kutoa machozi. Wachuuzi wa kaseti walikuwa wakikamatwa kama wapika chang'aa, ile pombe haramu. Nikamwambia Zaid kwamba Idah hajui siasa, na kwamba mimi sijawahi kusikia wimbo kama huo.

Zaid akaangalia masufuria badala ya kuniangalia. "Mama, anayesema kwenye wimbo ni wewe."

Nieleze. Idah alipomaliza kidato cha nne nilimtafutia nafasi ya kusomea uhazili. Alisoma muhula mmoja, akaacha. Mjomba wake Zaid alikuwa amerudi kutoka Dubai na kinanda kidogo cha plastiki, kitu cha kuchezea watoto ukikitazama, lakini kilikuwa na masikio. Unakisemesha neno, kinalimeza. Halafu kila ukibonyeza kinalitapika, nene au jembamba, mbio au polepole. Kwa kinanda hicho na redio kaseti mbili, Idah na Zaid walikuwa wakitengeneza albamu katika chumba cha kupanga huko Kahawa Wendani, magodoro yakiwa yamesimamishwa madirishani kuzuia kelele za wanafunzi. Hapakuwa na gitaa wala mwimbaji. Palikuwa na king'ora cha kiwanda, cherehani ya fundi, lango la nyumbani kwetu Ruiru linalolia kwa kutu, mama wa sokoni akihesabu nyanya. Walikata sauti hizo vipande vidogo wakaviunganisha mpaka vikacheza. Walinisikilizisha kipande kimoja, nikawaambia kinafanana na nyumba yenye wapangaji wengi kuliko vyoo. Idah akasema hiyo ni pop. Nikamwambia pop ina mtu anayeimba.

"Hii yetu kila mtu anaimba, Mama," akasema. "Ni vile tu hajui."

Ningeuliza maswali siku hiyo, nisingekuwa nafungua aproni mchana wa kazi. Lakini niliona ni mchezo utakaoisha wenyewe, kama kusuka rasta.

Nilimwachia Mukonyo, naibu wangu, dirisha na funguo za stoo. Nikajaza hotipoti wali na maharagwe, kwa sababu mtu aliyekamatwa saa ya chakula hajala. Zaid nilimwambia arudi kwa babake na asikanyage kituoni. Akataka kubisha. Nikamuuliza jina lake liko kwenye jalada la hizo kaseti au haliko. Akageuka, akaenda.

Kwenye kaunta ya kituo nilimkuta konstebo kijana akimalizia ugali na sukuma kwenye sahani ya bati. Nilimpa jina langu na la binti yangu. Akaniuliza mzee yuko wapi. Nikamjibu mzee wangu, Kagwe, yuko kazini, na mimi niko hapa. Akaivuta ile hotipoti, akaiweka upande wake wa kaunta, akasema itamfikia mhusika. Kisha akanionyesha mlango wa inspekta kwa kidevu.

Inspekta Kaleli alikuwa mtu mwembamba wa Machakos, shati limenyooshwa mpaka kola inakata. Mezani alikuwa na simu, redio kaseti, na rundo la kaseti za Idah. Jalada lilikuwa karatasi ya fotokopi: picha ya watu wamepanga laini, na neno moja juu, LAINI. Hakuniambia niketi. Nikaketi.

Alisema sina muda mwingi, na yeye pia hana. Alikuwa ameshapiga simu makao makuu. "Gali la Nailobi liko njiani," akasema. "Likifika linachukua kaseti, linachukua msichana. Baada ya hapo usiniulize. Hata mimi huwa siulizi."

Hakulisema kwa ubaya. Alilisema kama mtu anayetaja ratiba, na hilo ndilo lililonikausha mdomo. Nilijua mama mmoja wa Ruiru ambaye mwanawe alipelekwa Nairobi hivyo hivyo. Alizunguka na chakula kwenye mfuko, kituo hadi kituo, na kila kaunta walimwambia hawana mtu wa jina hilo.

"Huyu mtoto," akaendelea, "ametengeneza wimbo wa kula."

Nikashusha pumzi. Kumbe ameelewa kwamba ni yale maneno ninayomkemea nayo anayerudi dirishani mara ya pili: mtu mmoja, kula moja. "Ndiyo, afande," nikasema. "Ni wa kula."

Akaacha kalamu. "Unakubali?"

"Nakubali. Kuna makosa gani?"

"Unajua unachosema, mama?"

"Najua vizuri. Mimi ndiye ninayesimamia mambo ya kula pale chuoni. Wanafunzi wote wanapitia kwangu. Mtu akijaribu kupita mara mbili, mimi ndiye ninayemzuia."

Kaleli alisimama, akaufunga mlango, akarudi. Sauti ilikuwa imeshuka. Akaniuliza ni nani alinituma. Akaniuliza hao wanafunzi ni wangapi na wamejipanga tangu lini. Nikamwambia wanajipanga kila siku saa saba, na siku za chapati wanaanza mapema. Jasho lilikuwa limemtoka juu ya mdomo, akaanza kuandika, na kila alichoandika alikitamka polepole. Ndipo nikasikia. Alikuwa akisema, "mama amekili, yeye ndiye msimamizi wa kupiga kula."

Kupiga.

Huyu mtu alikuwa Mkamba. Ulimi wake haukuwa na r. Alikuwa akisema kula na kumaanisha kura, na mimi kwa mdomo wangu nilikuwa nimemkubalia kila kitu.

"Ngoja, afande. Unasema kula gani?"

"Kula. Ya kupiga." Akakunja karatasi ya hewa, akaidondosha ndani ya sanduku la hewa.

"Hapana. Mimi nasema kula." Nikapeleka vidole mdomoni. "Kula chakula."

Akatazama alichoandika. Hakukichana. Akasema watu wakishaona moto ndipo wanapokumbuka chakula. Halafu akaniuliza, kama ni mambo ya kula, kwa nini kaseti inaitwa Laini, na je, nimesahau mlolongo wa themanini na nane, tulipopangwa nyuma ya wagombea kama ng'ombe wa josho? Nikamwambia sijasahau, lakini laini hii ni ya sahani. Akabonyeza redio.

Kwanza ilikuja sufuria. Mtu alikuwa akiipiga kwa upawa, na niliijua sufuria hiyo: ni ile yangu kubwa yenye mkunjo ubavuni. Ikafuata mijiko, viatu vingi vikiburura sakafuni, king'ora cha kiwanda kikishushwa mpaka kikawa besi. Halafu mwanamke akapaza sauti, mkali, wa kuogopesha kidogo:

"Wewe! Mtu mmoja, kura moja!"

Na tena. Na tena. Mtu mmoja, mtu mmoja, mtu mmoja, kura moja. Vijana wakamwitikia, wanafunzi wangu wale wale waliokuwa wakinicheka kwenye laini, ila hapa kicheko chao kilikuwa kimekatwa kikageuka kuwa kishindo cha umati.

Mwanamke alikuwa mimi. Hapakuwa na shaka. Na alisema kura.

Nina diploma ya upishi na usimamizi wa majiko makubwa. Chuoni tulikuwa na mwalimu wa Pwani aliyetusimamisha mbele ya darasa, sisi watu wa Murang'a na Kiambu, tukarudia lala, rarua, lori, lulu mpaka ndimi zikalegea. Tangu siku hiyo nimewasahihisha wengine. Nimemsahihisha Kagwe mbele ya wageni. Niliamini kabisa kwamba mimi nimepona.

"Sasa," Kaleli akasema, "sema wewe. Kama hiyo sauti ni yako."

Nikasema, "Mtu mmoja, kula moja."

Ilitoka safi. L ilikaa mahali pake kama kigae. Nikiwa ofisini, mbele ya mkubwa, ulimi wangu huvaa viatu wenyewe. Kaleli akarudisha kanda nyuma, akaicheza, akanyanyua nyusi. Masikio yake yalikuwa mazima, ulimi tu ndio ulikuwa na kwao.

"Huyu wa kaseti anasema ile ya kupiga. Wewe unasema ile ya mdomo. Huyu si wewe."

"Ni mimi nikiwa nimekasirika."

"Sema tena."

Nikajaribu kuikosea. Nikasema kura, na hata mimi nilisikia jinsi ilivyotoka, kama mtoto anayejifanya amelala. Kaleli akatikisa kichwa. Akasema sasa ninaigiza, na kwamba mama kumfunika mwanawe ni jambo la kawaida, yeye mwenyewe ana mama. Lakini wale wa Nairobi hawana masikio ya mama. Akatazama dirishani, upande wa lango. Nikatazama pia. Mbwa alikuwa amelala pale gari litakapopita.

Nikajaribu mara ya tatu na ya nne. Kadiri nilivyotaka kukosea ndivyo nilivyosema vizuri. Nilikuwa na binti nyuma ya ukuta ule na kitu pekee cha kumtoa kilikuwa kosa ambalo nilikaa miaka nikilitibu.

Nje injini ilinguruma. Kaleli akainuka haraka, akaweka kofia. Nami nikainuka, nikafungua mlango kabla yake, sijui nilikuwa na mpango gani, labda wa kusimama mbele ya gari. Ilikuwa lori la kokoto linapita barabarani, likaenda zake.

Lakini mlango ulikuwa wazi na niliiona kaunta. Ile sahani ya bati ilikuwa imesukumwa pembeni, tupu. Konstebo alikuwa amefungua hotipoti yangu. Alikuwa ameegemea ukuta, amejaza kijiko wali na maharagwe, anatafuna bila haraka.

Sikufikiri. Nilimwona tu mtu ambaye ameshakula anakula tena, na nyuma yake kuna mwenye zamu ambaye hajapata.

"Wewe!" nikasema. "Mtu mmoja, kura moja! Umekura yako, sasa unakura ya nani? Mtoto hajakura tangu asubuhi, na wewe unakura mara mbiri! Rudisha hicho chakura!"

Kijiko kilisimama hewani. Mlevi mmoja kwenye benchi la mahabusu aliketi wima. Kutoka nyuma, mbali kidogo, nikasikia sauti ya Idah ikisema, "Mama?"

Nikageuka. Kaleli alikuwa amerudi mezani na kidole kiko kwenye redio. Akaibonyeza. Wewe, mtu mmoja, kura moja. Akaizima. Akanitazama, akaicheza tena, akaizima.

"Ni wewe," akasema.

"Nilikwambia."

"Na wewe," akamwambia konstebo, "funika hiyo chakula."

Nilidhani tumemaliza. Hapana. Kaleli alibaki akiitazama simu kama mtu anayetazama mbwa wa jirani. Kumtoa Idah kulimaanisha kumwambia mkubwa wake wa Nairobi kwamba alimwita bure. Alipiga hatimaye. Alisimama wima, ingawa aliyekuwa upande wa pili hamuoni.

Alieleza kwamba uchunguzi umeonyesha ni mambo ya kula. Akasikiliza. "Hapana, afande, si kula. Ni kula." Akasikiliza tena, uso ukibadilika rangi. "Ndiyo, anasema kula, lakini hamaanishi kula, anamaanisha kula. Ya mdomo. Hapana, afande, sijakunywa."

Akafunika simu kwa kiganja. Macho yake yalikuwa yanaomba. "Mama, ongea wewe. Wewe una zote mbili."

Nikaichukua simu. Sauti upande wa pili ilikuwa nzito, ya mtu aliyezoea kukatiza wengine, na iliniuliza mimi ni nani na hiyo kura moja ni kitu gani. Nilijua kwamba ulimi wangu umeshavua viatu na sasa siuamini. Nikisema kula inaweza kutoka kura. Nikijisahihisha nitaonekana ninaficha. Wali, mlo, lishe, yote ilikuwa na shimo lile lile katikati. Nikatafuta kwenye menyu yangu ya wiki neno lisilo na shimo.

"Bwana," nikasema, "ni chapati. Mwanafunzi mmoja, chapati moja. Wengine wanapita dirishani tena. Mimi nawakataza."

"Chapati," akasema.

"Chapati, bwana. Kuna siku hazitoshi."

Nikasikia akimwambia mtu mwingine kitu, na huyo mtu akacheka. Akasema nimpe Kaleli. Kaleli alisema ndiyo afande mara nyingi, akaweka simu chini, akakaa, akafungua kifungo cha kola. Kisha akanyoosha karatasi yake ya ungamo langu, akaichana katikati, na vipande akavitia mfukoni. Kaseti alisema zitabaki, zote. Sikubishana naye.

Idah alitoka bila viatu, ameshika mkanda wa sketi mkononi. Hakulia, na mimi sikumkumbatia pale. Nilichukua hotipoti kutoka kwa konstebo bila kumshukuru.

Tulikaa kwenye ngazi za posta akala kilichobaki. Alikula kwa mkono, haraka, kama mtu anayeogopa kunyang'anywa. Nikamngoja amalize. Sipendi kumgombeza mtu ana chakula mdomoni.

"Ulinirekodi lini?"

"Siku nyingi. Nilikuwa nakuja na redio ndani ya kiondo."

"Bila kuniuliza."

"Ungeniuliza inaleta ugali?"

Ningeuliza hivyo, ni kweli. Nikamwambia aelewe nilichofanya mle ndani: nilikuwa nimeapa mbele ya inspekta na mbele ya Nairobi kwamba wimbo wake ni wa chakula, na kwamba kura ilikuwa bahati mbaya ya ulimi wangu. Akaendelea kukwangua wali uliogandia ubavuni.

"Idah."

"Mama, nilikunasa mara nyingi sana," akasema. "Siku zingine unasema kula, sawa kabisa, kama mwalimu. Nilizisikiliza zote." Akafunika hotipoti. "Hii ndiyo nilichagua."

Mkono wangu uliinuka. Watu walikuwa wakipita, akina mama na mizigo yao, na ukuta wa posta ulikuwa umejaa karatasi za wagombea zilizochanwa nusu nyuso. Nikaushusha mkono, nikakung'uta sketi.

"Unajua wangekupeleka wapi?"

"Najua."

"Unajua mimi ningefanya nini?"

Akaivuta miguu yake mitupu chini ya sketi. Nikavua sweta yangu begani, nikamwekea mapajani. Tukakaa. Baadaye nikauliza kitu ambacho nilikuwa nimekwisha kukijua, maana mtoto huyu nimemzaa mimi.

"Ile kaseti mama, iliyozaa zile nyingine, iko wapi? Usiniambie polisi wanayo."

Akatazama viatu vyake, ambavyo havikuwepo. "Kwako."

"Ruiru?"

"Jikoni kwako, chuoni. Siku ile nilikuja kukusaidia kuchambua maharagwe. Iko kwenye pipa la unga."

Ndiyo sababu alichambua maharagwe. Nilikuwa nimeshangaa, hata nilimsimulia Kagwe.

Tulipanda matatu tukarudi nyumbani. Ijumaa ilikuwa siku ya chapati. Nilifika jikoni mapema kuliko wote, nikafungua stoo, nikazamisha mkono kwenye pipa mpaka kwenye kwapa. Niliipata chini kabisa, imefungwa kwa mfuko mmoja wa plastiki, tena uliotoboka. Nikaifuta. Nikaitazama mwangani kana kwamba ingeniambia kitu. Nje niliwasikia wanafunzi wa kwanza wakija kushika nafasi ingawa hata jiko halijawashwa, na mmoja wao akaita kwa sauti ya kunibeza, "Mtu mmoja!" na wenzake wakacheka wakisubiri ajibiwe.

Nikachukua mfuko mzima, mpya, nikaifunga upya, kwa sababu unga ni wa watu. Kisha nikairudisha, chini zaidi, upande ambao mkono wa Mukonyo haufiki.